Wapiga Kelele Kumi na Watatu

Mwalimu alikuwa na kidole kimoja kilichofanya kazi kuliko vingine tisa vyote. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kwa miaka thelathini na minne aliingia darasani, akakiinua bila kusema neno, na watoto hamsini wakanyamaza mpaka ukasikia chaki ikikwaruza ubao wa darasa la jirani. Walimu wenzake walirudi nyumbani jioni sauti zimewakauka kwa kufoka. Yeye alistaafu na sauti yake ile ile ndogo, nzima kabisa, maana hakuwahi kuitumia yote.

Alipostaafu, kidole hakikustaafu. Kilihamia nyumbani. Fundi bomba akijieleza sana, kidole. Redio ikitangaza kwa nguvu, kidole kwanza, halafu ndipo kitufe. Na aliyekipata kuliko wote, maskini, alikuwa wifi yake wa jirani. Lakini huyo tutamfikia. Tusipomfikia yeye atatufikia, ndivyo alivyo.

Tuanze na mwanawe. Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja, fundi wa lifti huko mjini, aliyepanga ghorofa ya tano katika jengo ambalo lifti yake haijasogea tangu ahamie. Watu wakimcheka hujibu kwamba kinyozi hajinyoi. Kijana mwema, mpole, ila tangu baba yake afariki, miaka mitatu ilikuwa imepita, kila akija kumsalimia mama yake alikuja na wimbo mmoja.

"Mama, hapa uko peke yako. Ukianguka, nani atasikia?"

"Mimi sianguki," alijibu Mwalimu, akimmiminia chai.

"Wiki iliyopita nimekupigia simu mara tisa."

"Ilikuwa kwenye chaji."

"Mara tisa, Mama! Niliogopa mpaka nikashindwa kushika bisibisi. Chumba kipo, kitanda kipo. Njoo ukae na sisi, hili shamba tutalikodisha."

Mwalimu akatazama nje. Shamba lenyewe halikuwa la kutisha mtu: nusu eka, matuta ya mboga, banda tupu la mbao, na kule chini kidimbwi alichochimba marehemu kwa mikono yake akisema atafuga samaki, akaishia kufuga vyura. Lakini kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifungua mlango wa jikoni kila alfajiri na kukanyaga umande huo huo. Ghorofa ya tano kuna umande gani? Moyo ulimuuma. Na kwa kuwa hakutaka mwanawe auone ukimuuma, akafanya jambo alilolijua vizuri kuliko yote: akatunga mtihani.

"Nipe miezi sita," alisema. "Nitafuga bata, wa nyama na wa mayai, wa kujitembelea wenyewe shambani. Jumapili ya kwanza baada ya shule kufunga, uje tule chakula cha mchana. Nisipokuwekea mezani trei nzima, mayai thelathini ya wiki hiyo hiyo, ya bata wangu mwenyewe, basi nitafunga virago na ufunguo nitakupa mkononi."

"Mama, mimi sijasema habari ya mayai."

Kidole kikapanda. Mwanawe akanyamaza, akamaliza chai yake, akaondoka. Mtihani ukawa umetungwa, na Mwalimu hajawahi kusogeza tarehe ya mtihani hata shule ilipoezuliwa paa na upepo.

Wiki iliyofuata akanunua vifaranga ishirini na wanne, wa manjano, wamejazana ndani ya boksi lenye matundu. Wiki tatu za kwanza aliwalaza sebuleni chini ya taa, na maji akawawekea katika sahani yenye kokoto ili asizame mtu. Kila mmoja alivishwa pete ya plastiki mguuni yenye namba. Wakaota manyoya meupe, wakahamia bandani, na kutoka bandani wakaingia kwenye matuta ya mboga ambako konokono walikuwa wamejitawala miaka mingi. Kwa siku nne konokono wakaisha. Mwalimu alisimama na ndoo yake ya pumba akiwatazama wanavyotikisa mikia, akacheka peke yake. Hakuwa amecheka peke yake siku nyingi.

Bandani alitundika ubao mweusi aliouokoa siku shule ilipoletewa mpya. Kwenye ubao ule aliandika ratiba. Maji, saa kumi na mbili. Pumba na majani, saa moja. Kutoka nje, saa tatu, maana bata hutaga asubuhi, na ukimfungulia mapema atakutagia vichakani na yai huli.

Basi, walipotimiza wiki nane, sauti zikaanza kubadilika, na hapo ndipo palipoharibika mambo.

Baadhi yao walipata sauti kubwa, kwaak, kwaak, kwaak, kuanzia jogoo la kwanza. Ukifungua mlango, kwaak. Ukifunga, kwaak. Jani likianguka, mkutano. Wengine wakabaki na kijisauti kidogo cha kukwaruza, kama mtu mwenye mafua anayeomba radhi. Hawa wa pili Mwalimu aliwapenda tangu siku ya kwanza. Juu ya utulivu wao waliota kila mmoja kinyoya kilichojikunja vizuri juu ya mkia, na Mwalimu akakiona kinyoya hicho kuwa ni unadhifu. Watoto waliochanwa nywele nyumbani kabla ya kuja shule, hao anawajua.

Kuna asiyejua orodha ya wapiga kelele? Mwalimu anatoka darasani, kiranja anabaki na kipande cha karatasi, na jina lako likiingia humo siku yako imekwisha. Mwalimu alishika chaki, akaandika juu ya ubao kwa herufi kubwa, WAPIGA KELELE, na kwa wiki mbili akachunguza kwa haki, bila upendeleo, asubuhi na jioni. Namba 7 ndiye aliyeongoza. Orodha ilipokamilika ilikuwa na namba kumi na tatu. Watulivu walikuwa kumi na mmoja, na mtulivu wao mkuu, Namba 12, aliyetembea kifua mbele bila kumsukuma mtu kwenye sahani ya maji, akampa cheo cha Kiranja.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Mwalimu aliwaambia. "Bata anayemalizia nguvu zake kooni, ya kutagia ataipata wapi?"

Akakata shauri kubaki na watulivu kwa ajili ya mayai. Wapiga kelele waende kwa mpiga kelele mwenzao.

Huyo ni wifi. Dada wa marehemu, mkubwa kwa Mwalimu kwa miaka miwili, shamba lake limepakana na la Mwalimu maana yote mawili yalikuwa ya baba mmoja. Wifi alikuwa ameuza mitumba sokoni miaka thelathini, na si kwa kuitandika chini na kungoja. Alisimama juu ya meza, shati mkono huu, suruali mkono ule, akiita wateja mpaka wa kituo cha basi wanageuka. Sauti ile hakuiacha sokoni. Alikuwa akiingia kwa Mwalimu bila hodi na kuongea mpaka saa saba, na mwaka ule wa msiba, Mwalimu aliposhindwa kuvumilia, alijenga ua wa wavu katikati ya mashamba, akasema ni kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wenyewe hawakuwepo. Wifi aliutazama ule wavu, akafyonza, na tangu hapo akawa anaongea akiwa upande wake tu.

Siku ya kukabidhi bata aliwapokea juu ya wavu, mmoja mmoja, akiwageuza na kuwatazama chini ya mkia. Alipofika wa kumi na tatu akaangua kicheko.

"Wifi, una uhakika ni hawa unaonipa? Kwa sababu hawa wote ni—"

Kidole.

"Nimewachunguza wiki mbili," alisema Mwalimu. "Wanenepeshe, uwale, uwauze, shauri yako. Chochote watakachofanya huko ni chako."

"Chochote?"

"Chochote. Na habari zao usiniletee."

"Haya. Umesema mwenyewe, mimi sina mdomo." Wifi akakusanya bata wake akaondoka nao wakipiga kelele wote kumi na wanne kwa pamoja.

Miezi ikaenda. Watulivu wa Mwalimu walinenepa vizuri ajabu. Mara kwa mara walipandana migongoni, mchezo wa kijinga ambao Mwalimu aliupiga marufuku kwa kidole, na walipogombana aliwatenganisha kwa fagio. Wakatimiza miezi mitano. Nyasi kavu aliwatandikia nene. Maganda ya mayai ya kuku aliwasagia wapate nguvu ya gamba. Aliwawekea hata mipira ya tenisi ya meza kwenye kona, ili wapate wazo. Kiranja aliusukuma mmoja kwa mdomo, akauacha.

Mayai, hakuna.

Wakati huo, ng'ambo ya wavu, makelele yalikuwa hayapungui. Siku moja wifi alikuja na beseni lililofunikwa kitambaa, uso umemjaa furaha.

"Wifi, njoo uone ulichonipa!"

Mwalimu alikuwa ametoka kupekua nyasi kwa mara ya nne asubuhi ile, mikono mitupu. Alidhani ni bata aliyechinjwa, na hakutaka kuona nyama yake wala manyoya yake. Kidole kikapanda chenyewe. Wifi akasimama, beseni mkononi, mdomo wazi. Halafu akaufunga mdomo ule, taratibu, akageuka. Kuanzia siku hiyo hakusema tena neno kuhusu bata. Alisalimia, "Umeamkaje, wifi," akapita. Mwalimu akashukuru, akadhani hatimaye mtu amestaarabika. Hakukumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Shule zikafungwa. Ikaja Jumatatu ya wiki ya mtihani, bila yai. Jumatano, bila yai. Usingizi ukamtoroka Mwalimu. Alikaa jikoni akatazama kuta, rafu ya vikombe, msumari ambao marehemu alikuwa akitundika kofia, akaanza kupanga kichwani kipi kitaenda ghorofa ya tano na kipi hakitaenda. Msumari hauendi. Umande hauendi. Alilia, tena si kidogo, ila kwa sauti yake ile ile ndogo, hata paka asingesikia.

Jumamosi asubuhi akapata wazo la mwisho. Wanataga nje! Pembeni ya kidimbwi kulikuwa na matete mazito. Kama kuna mayai, yako humo, pengine mia. Akavaa mabuti ya mvua ya marehemu, yaliyomzidi namba tatu, akachukua kikapu, akashuka. Watulivu wote kumi na mmoja wakamfuata nyuma kwa mstari.

Alipiga hatua moja ndani ya matete, tope likafika kifundoni. Ya pili, likafika nusu ya buti. Ya tatu hakuipiga. Buti la kulia lilishikwa, akalivuta, likamshinda, akalivuta kwa hasira, kifundo kikapinda kwa ndani, na Mwalimu akakaa kitako kwenye tope, kikapu kikaelea zake.

Alijaribu kuinuka. Mguu ukapiga ukelele wake wenyewe. Akajaribu kwa upande mwingine, akazama zaidi kidogo, tope likafika kiunoni, baridi. Simu? Iko wapi simu? Kwenye chaji.

"Jamani," alisema Mwalimu.

Bata kumi na mmoja wakasogea, wakamzunguka, wakamtazama. Heshima tupu.

"Msaada," alisema Mwalimu.

"Hhh," alijibu Kiranja.

Na hapo, msinicheke mkadhani nazua, Mwalimu akainua kidole. Kwa mazoea tu. Mwanamke mtu mzima, tope kiunoni, kidole hewani, na dunia yote imenyamaza kama alivyoitaka maisha yake yote. Kimya kizuri, cha kupigiwa mfano. Hakuna aliyejua kwamba yuko pale. Akasikia maneno ya mwanawe, moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza yakamtisha. Nani atasikia?

Akashusha kidole. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"WIFIIIIII!"

Sauti ilitoka. Sauti gani hiyo! Ilikuwa imewekwa ndani miaka thelathini na minne na haijaguswa. Vyura wakaruka majini. Watulivu wakatawanyika kwa woga. Na ng'ambo ya wavu, Namba 7 akaitika, kwaak! Akaitika wa pili, wa tatu, wakaitika wote kumi na tatu, wakapiga kelele kama nyumba inaungua, hawanyamazi, hawapumui.

"WIFIIIIII!" Mwalimu alirudia, na niseme ukweli, mara hii alianza kuona raha.

Wifi alikuwa jikoni kwake, ndiyo kwanza amemimina chai, redio juu. Sauti ya Mwalimu hakuisikia, aliowasikia ni bata. Akajua ni nguchiro ameingia bandani, akatoka mbio na mwiko mkononi. Alipofika akakuta nguchiro hakuna, bata wote wamejipanga kwenye wavu wakitazama upande mmoja, shingo zimenyooka, wakipiga kelele kuelekea kidimbwini. Ndipo naye akaisikia ile sauti, na mwanzoni hakuijua ni ya nani. Akaupanda wavu vile alivyokuwa, ukapasua sketi yake kutoka pindo mpaka kiunoni, akaangukia upande wa pili akanyanyuka, akakimbia.

"Toba! Wifi! Umeumia?"

"Mguu. Na buti limekwama."

"Buti liache, lina mwenyewe huko aliko. Nipe mikono. Moja, mbili—"

Ilimchukua nguvu zote za miaka thelathini ya kubeba marobota ya mitumba. Tope lilimwachia Mwalimu kwa sauti ya aibu sana, wote wawili wakaanguka chali kwenye nyasi, na walipotazamana, weusi kwa tope mpaka kwenye kope, wifi akaanza kucheka. Mwalimu akamfuata. Walicheka mpaka mguu ukamkumbusha kwamba umevimba.

"Ulikuwa unatafuta nini humo, mama watu?"

"Mayai," alisema Mwalimu, na kicheko kikageuka. "Wifi, hawatagi. Nimefanya kila kitu, hawatagi. Na kesho ni Jumapili."

Wifi alikaza midomo, mashavu yakamjaa kama mtu aliyeweka maji mdomoni. Mwalimu akamwangalia.

"Una nini?"

Wifi akajionyesha mdomo kwa kidole, kisha akakiinua kidole kile kile juu. Umenikataza.

"Basi sema!" alipiga kelele Mwalimu. "Nakuomba. Sema!"

"Ni madume!" Wifi aliruka na kusimama. "Wote kumi na mmoja ni madume, wifi, umefuga kambi ya jeshi! Bata jike ndiye mwenye makelele, dume sauti hana, ana kile kinyoya cha kujikunja mkiani, hata baba alitufundisha tukiwa hatujaota meno! Nilitaka kukwambia siku ile ile ukaniinulia kidole. Nilikuja na beseni la mayai, ukaniinulia kidole. Kumi na moja kwa siku wananitagia, mwokaji wa keki sokoni anayagombania! Miezi minne nimenyamaza, mimi! Unajua ilivyonikaa kooni? Nimekonda kwa kunyamaza!"

Hakuwa amekonda popote, lakini Mwalimu hakubisha. Alimtazama Kiranja, aliyekuwa amerudi, kifua mbele, akisubiri pumba. Madume. Wiki mbili za uchunguzi wa haki, na amewafukuza shule wote waliokuwa wakijua kazi.

"Kwani kesho kuna nini?" aliuliza wifi.

Ikabidi aambiwe. Mtihani, trei, ufunguo, ghorofa ya tano. Wifi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na uso ukambadilika, kicheko kikamtoka chote.

"Unahama," alisema. "Unahama, na mimi sijui."

"Sikutaka—"

"Kaka yangu amekwenda. Wewe nawe uende. Mimi huku ningebaki nimpigie nani kelele? Huo wavu?" Machozi yalikuwa yakichora njia kwenye tope la mashavu yake. "Uliweka wavu nikavumilia, kwa sababu nilijua uko ng'ambo yake."

Kidole cha Mwalimu hakikuwa na la kufanya. Akamshika wifi yake mkono, wakakaa hivyo.

Alipompeleka kwake na kumfunga mguu, wifi alileta trei mbili za mayai, meupe, makubwa, akaziweka mezani. "Chukua. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Hiyo ni kuibia mtihani."

"Loo! Wewe na mitihani yako. Ubishi huo ndio utakaokuhamisha."

"Nikifeli, nifeli kwa mwandiko wangu." Mwalimu akanywa chai aliyopewa, akawaza kidogo. "Koleo unalo?"

"La nini?"

"La kukatia wavu."

Mchana ule wote wifi alikata na kukunja wavu, Mwalimu amekaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo, akitoa maelekezo ambayo hayakusikilizwa. Waya wa mwisho ulipoanguka, wapiga kelele kumi na watatu wakashuka kama maji kwenda kidimbwini, Namba 7 mbele. Watulivu walipowaona, utulivu wao wote ukaisha dakika ile ile. Na jioni, wanawake wakihangaika kuwagawa, Namba 7 alikataa kata kata kurudi kwa wifi. Aliingia banda la Mwalimu na akalala chini ya ubao wenye jina lake.

Jumapili mwanawe alifika saa sita na nusu. Alibisha hodi getini mara nane. Hakuna aliyemsikia: bata ishirini na tatu walikuwa wakipiga mbizi, na jikoni shangazi yake alikuwa akibishana na mama yake kuhusu chumvi. Aliingia mwenyewe, akasimama mlangoni, akaona mguu uliofungwa kitambaa.

"Mama, mguu huo?"

"Kaa kwanza, ule."

Mezani kulikuwa na bata wa kuokwa, aliyekuwa Namba 15, mtulivu mpaka mwisho. Kando yake, kisahani chenye yai moja lenye tope. Na kando ya kisahani, ufunguo.

Mwalimu alisimama kwa mguu mmoja. "Nilisema mayai thelathini. Nimepata moja, leo asubuhi, na hata hilo lina kesi, maana bata aliyelitaga si wangu. Nimefeli. Ufunguo huo hapo."

"Mwanangu, usimsikilize!" Shangazi mtu alirukia. "Ngoja nikwambie mambo ya jana, huyu mama yako aliingia—"

Kidole kikapanda. Meza yote ikanyamaza. Mwalimu alijua kinachofuata: akisema lile la tope, amejimaliza. Ameanguka. Simu kwenye chaji. Kila neno alilohofia mwanawe limetimia, tena ushahidi umevimba na kufungwa kitambaa. Alikitazama kidole chake kwa muda. Kisha akakishusha, akakiweka mapajani na kukifunika kwa mkono wa pili.

"Sema, wifi," alisema. "Sema yote. Hata la tope."

Wifi akasema. Loo, alivyosema! Alisimama, aliigiza buti, aliigiza Kiranja, aliigiza wavu ulivyopasua sketi. Mwanawe mwanzoni alishika kichwa. Kisha akaondoa mikono kichwani.

"Shangazi, ulichukua muda gani kufika?"

"Nilikuwa nimemimina chai yangu. Aliinywa yeye nilipomleta, akalalamika imemuunguza ulimi. Muulize."

"Iliniunguza," alisema Mwalimu.

Kijana alimgeukia mama yake. "Ulipiga kelele? Wewe?"

"Nilipiga."

"Siamini. Nionyeshe."

Mwalimu akamtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki, macho yalikuwa yamemlowa. Basi Mwalimu akavuta pumzi, na mbele ya bata wa kuokwa na yai moja, akaachia.

"WIFIIIIII!"

"Niko hapa, jamani, masikio yangu!" alipiga kelele wifi. Na nje, kuanzia kidimbwini mpaka mlango wa jikoni, wakaitika kumi na watatu wote, wakaja mbio, wakajaa kizingitini shingo juu, kuuliza kuna nini.

Fundi wa lifti alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Alipokiinua aliusukuma ufunguo, taratibu, ukapita kando ya kisahani mpaka ukafika kwa mama yake.

"Mtihani wa mayai uliutunga wewe, Mama," alisema. "Mimi nilikuwa na swali moja tu."

Mwalimu akauchukua ufunguo akaushika kwa mikono miwili. Wifi akamwekea kijana paja la pili, akamwambia madume wawili wanatosha, Kiranja na mmoja mwingine, na kwamba waliobaki wanane kuna hoteli inawasubiri. Hilo Mwalimu alilipinga kwa nguvu, wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Jioni, mwanawe alipokwisha kuondoka akiwa na trei mbili za mayai ya shangazi yake, Mwalimu alichechemea mpaka bandani. Akashika kitambaa afute ile orodha, akaghairi. Akatafuta chaki. Chini ya namba ya kumi na tatu akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, *Wifi*. Chini ya hapo akaandika, *Mwalimu*. Kisha akachukua ndoo ya pumba, akasimama mlangoni, na kwa sauti yake yote akawaita bata waje kula.